Onyo Katika Jalada la Mzee Athanas

Mgeni rasmi, Ndugu Mkurugenzi wa Shirika letu. Meneja wetu, Ndugu Klara. Wazee wa Tinde na wafanyakazi wenzetu, shikamooni wakubwa, na wadogo tunawasalimu.

KARIBU NYUMBANI

Sisi wafanyakazi wa Kiwanda cha Kuchambua Pamba cha Mwanhegele tumefurahi leo, Septemba 1984, kukuona ukishuka garini mahali ulipoanzia kazi. Umekuja kutueleza muundo mpya wa uongozi, nasi tumekwisha kuusoma ubaoni. Ndani yake Mzee Athanas, msimamizi wa mashine, anastaafishwa Ijumaa kabla ya muda wake kwa kuwa jalada lake lina onyo. Kwa hiyo tuvumilie, tutamzungumzia yeye zaidi kuliko kiwanda.

TULIKOTOKA

Athanas aliingia hapa mwaka 1961, ana nguvu za kubeba gunia la pamba peke yake. Meneja wa wakati ule alikuwa mtu wa saa. Alimpa Athanas unyapara na saa ya kupimia sekunde, ahesabu gunia linachukua muda gani kufika mizani. Kila mtu tendo moja, kuongea mwiko, kuimba mwiko. Msukuma afanye kazi bila wimbo, fikiria. Athanas aliona haya kuwapimia majirani zake pumzi, ila alikuwa na watoto wa kulisha.

Mwaka 1966 akaja meneja mwingine, aliyesoma kwamba mfanyakazi akijaliwa hujituma. Akaichukua ile saa, akaruhusu nyimbo, akawa anawaulizia watoto wetu kwa majina. Wiki ya kwanza tulidhani anatafuta wezi. Lakini marobota yaliongezeka. Jamani, miaka ile. Upande huu waimbaji wa Bagalu, upande ule wapinzani wao wa ngoma, Bagika, mashine zinanguruma katikati na Athanas anaitikia kote kote ili asimkasirishe mtu.

TULIPOFANIKIWA NA TULIPOKOSEA

Baada ya Mwongozo wa Chama wa 1971, uliowapa wafanyakazi sauti, tulipata kamati ya wafanyakazi. Tulijipangia zamu wenyewe, na akina mama wanaonyonyesha wakapata za mchana. Hilo tunajivunia.

Lakini tulilewa. Kila jambo tulilipigia kura. Msimu wa 1973 Athanas alishika beringi ya mashine namba tatu akasema, "Zimeni, inachemka." Tukamjibu kwamba zama za nyapara zimekwisha, tukaitisha kikao palepale. Mikono thelathini na mmoja ikasema beringi ni nzima, minne ikakataa. Jioni mashine iliungua, pamoja na marobota arobaini.

Wakaguzi walipokuja, Athanas alituita nyuma ya ghala.

"Kamati yenyewe bado changa hii," alisema. "Wakisikia ni kura, wataivunja. Semeni nilipima mimi, nikakosea. Kugombezwa nimezoea."

Tukanyamaza, onyo likaandikwa. Tumekaa na aibu hiyo miaka kumi na moja, tukimwamkia kila asubuhi.

TULIPO SASA

Ndugu Klara alipofika na elimu yake ya chuo, alitukusanya chini ya paa la mizani. Alisema vitabu vya zamani vilimwona mfanyakazi kuwa ni mikono tu, vilivyofuata vikamwona ana moyo, na vya siku hizi vinauliza kwanza ni kazi gani na nani anaijua.

"Zamu mtapanga wote," alisema. "Beringi ataisemea Mzee Athanas, na akisema izimwe, hata mimi nitazima."

Tangu siku hiyo hatujaunguza mashine.

MAOMBI

Hatuombi gari wala mabati. Tunaomba onyo litolewe jaladani, na Mzee Athanas amalize muda wake kwa heshima. Mwenyewe alitukataza kulisema hili, na leo tumemkaidi mbele ya macho yake.

Ndugu Mkurugenzi, kikao kile ulikiongoza wewe, na mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wako. Hatusemi kwa ubaya. Thelathini iliyofuata ilikuwa yetu. Kati yetu tuliobaki kiwandani ni kumi na wanane, na wote tumesaini barua ya kukiri iliyoambatanishwa na risala hii.

Mungu akurudishe salama kwa watoto wako, na akujalie usingizi mwema. Wabeja sana, tunashukuru.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Kiwanda cha Pamba, Mwanhegele.
Imesomwa na Scolastika, karani wa mizani.

Kiambatanisho: barua moja, sahihi kumi na nane. Mstari wa kumi na tisa tumeuacha wazi.