Kumuaga Abdulghani na Amplifaya Yake

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi yetu ya Junda, Sheikh wetu, wazee wangu, kina mama wenzangu mliokuja na mabakuli matupu mkijua pilau itabaki, ndugu wageni waalikwa, nawe kaka Abdulghani, uliyevaa kanzu mpya na kukataa kutabasamu: Assalaam aleikum.

Kwa asiyenijua, mimi ni Mwanasaumu, mwimbaji wa bendi hii ya harusi kwa miaka thelathini na minne. Nimepewa kazi ya kumsifu mpiga gitaa wetu anayestaafu leo, na nimeonywa nisiseme uongo mbele ya Sheikh. Kwa hivyo sifa zitakuwa chache.

Ni nani hapa asiyeijua amplifaya ya Abdulghani? Lile sanduku la kukuzia sauti ya gitaa, la kubebwa na wanaume wawili wenye afya, ambalo ndani yake mna valvu, zile taa za vioo ambazo leo ukizitaja dukani wanakuuliza kama ni za friji. Siku moja tunavuka Likoni kwenda harusini, mvua ikatushika, na mwavuli ulikuwa mmoja. Mnadhani nilifunikwa mimi? Wallahi nililowa na gauni langu la sherehe, na amplifaya ikafika kavu.

Lakini alikuwa na haki yake, namkubalia hadharani. Ile sauti nzito, yenye mkwaruzo kidogo pembeni, ndiyo iliyowainua mabibi wa Kisauni vitini. Mwaka jana fundi alipomwambia kuwa valvu zile ni za mwisho na nyingine hazipatikani, kaka akatutangazia: "Siku itakaponyamaza hii, nami nanyamaza." Sisi tulicheka. Kuluthum, bintiye, hakucheka, maana anamjua babake.

Kuluthum ni fundi wa sauti. Akaomba ruhusa kazini siku mbili, akaja na kompyuta na maiki. Akatueleza kwamba kompyuta hutuma milio ndani ya amplifaya, husikiliza inavyojibu, na ikishajua tabia yake yote, ukichomeka gitaa kwenye kompyuta unapata sauti ile ile, nyumbani kwako, bila kubeba chochote. Kaka alijibu nini? "Mimi sili picha ya pilau."

Hata hivyo alikubali, kwa kuwa aliyeomba ni binti. Kompyuta ikatuma mlio wa kwanza, amplifaya ikalia kama paka aliyebanwa na mlango. Abdulghani akaruka, akang'oa waya ukutani. "Mwanangu, waniulia!"

Wakaanza upya. Sasa chumba kilitakiwa kiwe kimya dakika kumi. Dakika ya sita jirani yetu Nyevu akapita na kapu lake. "Hodi!" Ndugu zangu, mtu aliyezaliwa hapa ataiacha hodi ipite? "Karibu! Karibu ndani, mama! Habari za nyumbani? Na watoto?" Na si watoto kwa jumla, bali mmoja mmoja, kwa majina.

"Baba, maiki inasikia!"

"Na Nyevu je, hana masikio?"

Mara saba walirudia, na mara saba ikanaswa amplifaya pamoja na hali za watoto wa mtaa mzima. Na kila mara valvu zilizidi kuchemka, hata Kuluthum akaanza kuzipepea kwa kanga yake. Mwishowe nikaitwa mimi. Mimi, mwimbaji mkuu, nikakalishwa kwenye kibao nje ya geti nipokee salamu zote za Junda kwa niaba ya Abdulghani. Ya nane ikafaulu.

Siku nne baadaye, harusini Miritini, katikati ya wimbo, tukasikia harufu. Moshi ukatoka, na amplifaya ikanyamaza.

Nawaambia wazi, niliogopa. Kaka alirudi nyumbani akalipandisha gitaa juu ya kabati. Akawa wa msikitini na nyumbani, basi. Nilipokwenda kumtazama aliniambia, "Mwanasaumu, imekwisha," na kaka huyu ninayemtania tangu ujana wangu, siku ile nilimtilia chai tu, nikaaga.

Kuluthum hakumbembeleza. Asubuhi moja alilishusha gitaa, akalichomeka kwenye kompyuta, akafungua mlango wa chumba na kuanza kupiga wimbo anaoupenda babake kuliko zote. Kuluthum hajui kupiga gitaa. Na siku hiyo, jamani, alijitahidi asijue zaidi. Kaka alivumilia ubeti mmoja. Wa pili ulipoanza akatoka mbio. "Lete hapa! Walitesa gitaa langu, mwanangu!"

Akalishika. Akagusa uzi mmoja, akatega sikio. Akaugusa tena. Kuluthum anasema alimsogezea babake kiti. Kaka alipiga mpaka adhana ya adhuhuri, na baada ya swala akarudi palepale.

Ndipo nikapigiwa simu. Nilifika na unga mikononi. Ndugu wageni, katika miaka arobaini na moja Abdulghani amepigia harusi za watu wote lakini hajawahi kurekodi wimbo wake mwenyewe hata mmoja, na siku ile chumbani kwake alitaka kuurekodi, na alitaka niuimbe mimi. Nikavaa hedifoni. Sauti ikaja, ile ile nzito, mkwaruzo wake na yote. Pahali pangu pa kuimba pakafika, pakapita, nami nimesimama nalia.

Kaka akasimamisha gitaa. Akanitazama kwa lile jicho lake kali, akasema, "Umechelewa kuingia. Tena! Miaka thelathini na minne wachelewa palepale!"

Sijapata kufurahi hivyo kwa kukaripiwa maishani mwangu.

Kaka, jukwaa unaliacha, na Mungu akupe umri. Lakini kesho saa nne nitakuwa kwako, na ubeti ule tutaurudia mpaka uridhike. Nyinyi nyote, asanteni kwa kunipa masikio yenu. Wassalaam aleikum.