Martha, Mtani Aliyejilaza Kaburini

Ndugu, majirani na watani mliofika, marehemu wetu Martha Filipo alizaliwa Ulemo, Iramba, tarehe 3 Machi 1938, akasoma shule ya misheni hadi darasa la tatu, mwaka 1949, akaachishwa kwa kumwiga mwalimu anavyopiga chafya, mwalimu mwenyewe akiwa amesimama nyuma yake.

Tarehe 12 Novemba 1957 alifunga ndoa hapa Ilongero na Laurenti Mughwai, wakajaliwa Filipo mwaka 1959, Maria mwaka 1962 na Urbano mwaka 1966, na katika boma la akina Laurenti alimkuta Cecilia, mke wa Antipasi, kaka mkubwa wa Laurenti, aliyemtangulia kuolewa kwa miaka sita, aliyemshinda kwa kupika ugali wa uwele, na ambaye hakuna mtu aliyewahi kuuliza msibani kama amefika.

Martha aliuliziwa kila msiba, maana yeye Mnyiramba na sisi Wanyaturu ni watani, na mtani ana ruhusa ya kuchezea msiba wetu, hivyo mwaka 1962 alijilaza ndani ya kaburi la jirani, akakataa kutoka mpaka apewe jogoo, na mjane mwenyewe akacheka mpaka akashika mbavu, huku Cecilia akisonga ugali jikoni, akisikia kicheko, na mwiko ukimwelemea.

Basi tarehe 20 Agosti 1967, alipozikwa Mzee Alute, baba yake mdogo Cecilia, wivu ulimzidi Cecilia, akavaa koti la marehemu, akashika fimbo, akapita mbele ya watu akikohoa kama mzee, bila kukumbuka kwamba pale yeye ni mfiwa, si mtani, na mfiwa hachezei maiti yake. Wazee wakaanza kutaja mbuzi wa faini, ndipo Martha alipochomoka, akamvua lile koti, akalivaa, akamwiga Cecilia anavyomwiga mzee, akisema, "Dada, hata kukohoa lazima nikufundishe?" Uwanja ukalipuka kwa kicheko, mbuzi akasahaulika, na Cecilia akaokolewa mbele ya wote, jambo ambalo kwa miaka tisa hakulisamehe.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa mwaka 1974, Martha alikuwa mpishi wa shamba la kijiji, na alimwiga Mwenyekiti Ignas anavyopima viwanja kwa hatua, mpaka Ignas mwenyewe akaomba arudie.

Januari mwaka huu wa 1976 alianza kuumwa tumbo, mwezi Mei akalazwa hospitali mjini Singida, ambako Cecilia alimwogesha na kumlisha wiki tano, akinung'unika kwamba wauguzi wanamsikiliza mgonjwa tu, na alfajiri ya tarehe 9 Juni Martha akatutoka.

Leo ni zamu yetu Wanyaturu kumtania yeye, kwa hiyo asubuhi Cecilia alijifunga kitenge cha Martha, akatembea kwa mwendo wake wa kutikisa bega, watu wa Ulemo wakacheka mpaka machozi, akageuka upande wa jeneza, aone kama Martha anaona wivu, akakaa chini palepale, akalia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wote, na wenzake wa shamba la kijiji mliochimba kaburi.

Lala kwa utulivu, Martha, na huko uliko usiwachekeshe wote, umbakizie Cecilia hata wawili.