Nasike na Kitenge cha Mama: Wasifu wa Marehemu Edinah Nasike Kimaiyo (1986–2025)

Marehemu Edinah Nasike alizaliwa tarehe 14 Machi 1986 huko Naitiri, Bungoma, akiwa kitindamimba wa marehemu Mzee Barasa na marehemu Mama Sellah.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Naitiri, kisha akajifunza ushonaji katika chuo cha ufundi mjini Kitale, 2004 hadi 2006. Kaka yake mkubwa, Wakoli, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu, alitaka awe mwalimu. Nasike mwenyewe alipenda vitambaa.

Tarehe 12 Desemba 2009 alifunga ndoa na Kimaiyo, seremala wa hapa kijijini Kwanza, karibu na Kitale. Walihamia Kilifi, ambako Kimaiyo alipata kazi ya kuchonga mbao ambazo watu huteleza nazo juu ya mawimbi. Mungu aliwajalia Chelagat na Barasa.

Nasike ndiye aliyezivika mbao hizo. Alitandaza kitenge juu ya ubao, akamimina gundi ya resini, akaisambaza kwa kipande cha mpira hadi viputo vyote viishe, kisha akafunika kwa kitambaa cha faiba, nyuzi laini za kioo, na gundi tena. Ikikauka, maua ya kitenge yalionekana kama yako chini ya maji safi. Ubao wa kwanza aliuharibu. Alitumia kitenge kipya bila kukifua, wanga uliotiwa kiwandani ukazuia gundi kupenya, yakabaki mabaka meupe.

"Kwani huko Bungoma hamfui nguo?" mwenye karakana ya mbao hizo alimuuliza.

"Tunafua, bosi. Ni hizi zenu ndizo hazijazoea maji."

Tangu siku hiyo alifua kila kitambaa mara mbili.

Mama alipofariki Novemba 2019, nguo zake ziligawanywa Naitiri kulingana na desturi. Kitenge chake cha kanisani kilimwendea Wakoli. Nasike alikiomba.

"Kaka, nipe nikiweke kwenye ubao wangu mwenyewe. Sitauuza."

"Ati watu wakanyage nguo ya mama? Hiyo ni adabu gani?"

"Si kitachakaa tu sandukuni? Kwenye gundi hakichakai tena."

"Nimesema hapana."

Hakuomba tena. Ukweli lazima usemwe hata mazishini: Wakoli alidhani analinda heshima ya mama. Nondo walikula pindo la kitenge hicho.

Januari 2025 Nasike alipatikana na saratani ya damu, akarudi kutibiwa Kitale. Mwishoni mwa Julai Wakoli alimwahidi Nasike kwamba angempa kitenge mara atakaporuhusiwa kutoka hospitalini. Nasike alitabasamu. "Ukifue kwanza, kaka." Aliaga dunia Jumatatu, tarehe 4 Agosti 2025, saa nne asubuhi, kitenge kikiwa bado sandukuni.

Ameacha mume, watoto wawili, dada yake Nangila na kaka yake Wakoli. Ameacha pia ubao mmoja kule Kilifi, haujavikwa chochote. Kitenge mnachokiona juu ya jeneza hakitazikwa. Kimaiyo na Chelagat watakipeleka Kilifi, kiuvike ubao huo.

Lala kwa amani, Nasike. Kitenge kimefuliwa, mara mbili.