Wafalme Wawili wa Mama Watoto

Treni ya usiku ilipoondoka, fundi bomba aliyekuwa akirudi kutoka kazini alimwambia mzee aliyeketi karibu yake kwamba jana, kwenye mashindano ya karata za poka, mkewe alitupa wafalme wawili. Muuguzi wa kiti cha nyuma akakunja gazeti lake, maana habari ilikuwa mbele.

"Wafalme wawili?" mzee alishangaa. "Ukipewa wafalme, mtu akakupandishia dau kubwa, unaweka mezani chipu zako zote za dau! Aliogopa nini?"

"Hakuogopa. Aliniamini. Aliyepandisha dau ni mimi, mzee wangu, na nilikuwa na saba na mbili, takataka tupu. Akanitazama, akaniuliza, 'Baba watoto, kweli unazo karata nzuri?' Nikamwambia, kweli kabisa. Akafunua wafalme wake, akawatupa."

"Sasa kosa liko wapi? Poka ni kudanganyana."

"Nilifunua na zangu, nikacheka. Meza nzima ikacheka."

Muuguzi, ambaye naye ana mume, hakuona cha kuchekesha.

"Mama watoto alisemaje?" mzee aliuliza.

"Alitabasamu tu. Leo asubuhi nikamwambia nitachelewa, kuna bomba limepasuka kiwandani. Akaniuliza, 'Kweli kabisa?'"

"Atasahau, bwana. Ni karata tu."

"Wewe hukumwona alivyoniuliza."

Treni ilipoanza kupunguza mwendo, mzee alitoa kitambaa mfukoni. "Shika, ufute hiyo kutu mikononi. Unaingiaje nyumbani hivyo?"

Fundi akairudisha mikono yake mapajani, kama mtoto aliyekatazwa kitu.

"Iache, mzee wangu," alisema, treni ikisimama. "Nataka aione."