Asiambiwe Bado

— Aliyesema asiambiwe ni nani? Si wewe, tena ukapiga benchi kwa kiganja?

— Nilisema asiambiwe kwanza, Mkasi. Kwanza! Sikusema asiambiwe mpaka afike na mabegi.

— Basi hiyo "kwanza" yako imeota ndevu. Miezi tisa!

— Punguza sauti, bwana, alisema Muhuri.

— Nipunguze ya nini? Mwenyewe yuko stendi, hanisikii.

Benchi lenyewe ni mbao mbili juu ya matofali, limeegemea ukuta wa nyumba yetu, chini ya dirisha la chumba alichokuwa akilala mama. Shangazi, dada ya marehemu baba, huuza kahawa hapo. Mkasi ni kinyozi. Kibanda chake kinatazamana na benchi, na mteja akija yeye huvuka barabara na taulo begani. Muhuri alikuwa karani ofisini mpaka alipostaafu. Bado anatembea na kalamu mbili mfukoni, na kila jambo kwake lina utaratibu. Siku hiyo zilibaki siku tatu kufika sikukuu. Ilikuwa saa saba mchana, nami nilikuwa nimekaa mwisho wa benchi na simu ya mama mapajani. Mama alifariki mwezi wa tatu. Kaka yangu, ambaye ana mwaka wa sita ng'ambo, alikuwa hajui.

Ilikuwa hivi. Macho ya mama yalianza kufa kabla yake. Kaka alipoandika, mimi ndiye niliyemsomea mama, na mama akisema, mimi ndiye niliyeandika. Kwa hiyo maneno aliyoyazoea kaka kwenye simu ile yalikuwa ya mama, lakini vidole vilikuwa vyangu. Kaka hakujua: mama alimwambia macho yamepungua kidogo tu, naye akaamini anaandika mwenyewe. Mama alipofariki, kaka alikuwa akisubiri karatasi za kumruhusu kuishi kule. Angetoka kabla hajazipata, asingeruhusiwa kurudi. Shangazi na Muhuri wakakaa kwenye benchi hili hili, kabla hata hatujazika, wakaamua asiambiwe. Muhuri alisema karatasi kama hizo huchukua miezi mitatu. Jioni ile ile kaka akaandika, "Mama umeshindaje?" Simu ilikuwa mkononi mwangu. Nikajibu, "Salama mwanangu, hofu ni kwako."

Akipiga, nilisema mama amelala, maana saa zetu na zake hazilingani. Baadaye nikamwambia simu imeharibika, mama hasikiki. Akazoea kuandika. Kisha juzi ukaja ujumbe huu: "Mama, nakuja likizo ya sikukuu. Usimwambie mdogo wangu. Nataka kumshtukiza."

Mdogo wake ni mimi.

— Mimi nawaambia, mtu wa ng'ambo haji kimyakimya hivi, alisema Mkasi. Huyu amefukuzwa. Amepandishwa ndege kwa nguvu.

— Karatasi zake zimetoka tangu mwezi wa kumi, alisema Muhuri. Hafukuziki.

— Basi kwa nini ajifiche?

— Kwa sababu anajua. Kuna mtu amemwambia. Anakuja kutushika mmoja mmoja, kila mtu na uongo wake. Nimewaona wa namna hiyo ofisini: jibu analo mfukoni, anakuuliza tu aone unavyotoa macho.

— Hajui, nilisema. Ameandika amemnunulia mama miwani.

Shangazi alimimina kahawa kwenye kikombe cha Muhuri, ambacho hakikuwa kimepungua.

— Miwani, alisema Shangazi. Mwanangu jamani. Miwani.

Mkasi akalihamisha taulo kutoka bega hili kwenda lile.

— Haya, tusilie, tupange. Tumwambie amesafiri.

— Aende wapi? aliuliza Muhuri. Mwanamke aliyekuwa akipapasa ukuta kutafuta mlango wake mwenyewe?

— Kwa ndugu zake.

— Ndugu zake gani tena? Si huyu hapa wifi yake anauza kahawa?

— Basi hospitali. Amelazwa, wodi haingiliwi.

— Atataka kuongea na daktari.

— Daktari nitakuwa mimi, kwa simu.

— Wewe? Wewe ukishika wembe tu watu wanaanza kutubu!

Shangazi akacheka, na mimi nikacheka, na Mkasi mwenyewe akacheka mpaka akajifuta macho kwa taulo la wateja. Halafu kicheko kikakatika kwa wote mara moja, kama watu waliokumbuka wako mbele ya nyumba ya nani.

Simu ikatikisika mapajani mwangu. Nikasoma kwa sauti: "Mama nimepata gari. Nusu saa tu."

Mkasi akainama mbele. Sauti yake ilipungua yenyewe.

— Basi amefariki leo.

— Nani?

— Mama yake. Leo alfajiri, tukazika asubuhi. Nisikilizeni, msinikate! Akifika akute mikeka nje, akute watu, akute kilio. Atalia, tutalia naye. Msiba wake ataupata, na hakuna atakayeitwa mwongo.

— Mkasi, una wazimu, alisema Muhuri. Na kaburi? Nyasi zimefika magotini.

— Nyasi zinafyekwa. Udongo unapinduliwa. Jembe ninalo.

— Kwa nusu saa?

— Kaburi si leo. Leo ni kilio. Kaburi ataliona kesho.

— Na cheti cha kifo? Kina tarehe. Fomu nilijaza mwenyewe.

— Karatasi ni kazi yako. Mtu aliyegonga mihuri miaka thelathini atashindwa na tarehe moja?

Nilimngoja Muhuri akasirike. Hakukasirika. Alichomoa kalamu moja mfukoni, akaigeuza, akaitazama ncha.

— Tarehe moja, alisema polepole. Tarehe moja yawezekana.

Nikamtazama Shangazi. Yeye ndiye aliyemwosha mama. Nilijua atamwagia mtu kahawa.

— Na kulia atalia nani? aliuliza Shangazi. Majirani walishalia.

Aliuliza kama mtu anayeuliza vikombe vitatosha au havitatosha. Hapo ndipo nilipoogopa.

— Mimi sitalia kwa kupangiwa, nilisema. Nililia siku yake. Shangazi, ulinishika wewe.

— Wewe nyamaza, alisema Mkasi. Sisi tulikubaliana kukaa kimya. Kimya! Nani alikutuma kuwa mama yake?

— Mwache mtoto, alisema Shangazi.

— Mtoto gani? Mtoto wa umri huu angekuwa bado anasoma shule. Au hilo nalo ameambiwa?

Hilo nalo kaka alikuwa hajaambiwa. Niliacha shule nikiwa kidato cha pili, ili mama asikae peke yake gizani. Mama alikuwa hataki kaka ajue. "Andika anasoma vizuri," aliniambia, na mimi nikaandika juu yangu mwenyewe kwamba ninasoma vizuri. Alipofariki niliendelea kuandika hivyo. Niliandika kwamba nimekuwa wa nne darasani. Kaka akajibu, "Mwambie ajitahidi awe wa kwanza."

Mkasi alisema kweli. Hakuna aliyenituma. Karatasi za kaka zilipotoka, alimwandikia mama usiku huo huo, na sababu ya kumficha ikawa imekwisha. Nilikuwa na simu mkononi na ningeweza kumwambia. Niliandika, "Mungu ashukuriwe mwanangu, sasa nitalala." Wazee hawa hawakujua. Wiki mbili baadaye ndipo nilipowaambia karatasi zimetoka, na wao wakasema tungoje aje mwenyewe. Nitasema kwa nini nilifanya vile. Kabla ya kujibu nilikuwa nikijiuliza mama angesema nini, na nikijiuliza hivyo, kwa dakika chache alikuwa anasema. Nikimwambia kaka, angenyamaza.

— Mimi ndiye nitakayemwambia, nilisema.

— Huwezi, alisema Muhuri. Habari kama hiyo hutolewa na mtu mzima. Kuna utaratibu.

— Basi itoe wewe.

— Mimi si wa ukoo.

— Mkasi?

— Mimi nilimnyoa tu kichwa tangu mdogo. Nianze vipi? "Karibu, kaa, nikupunguze pembeni, na mama yako hayupo"?

— Nitasema mimi, alisema Shangazi. Aje, akae, anywe maji. Akishatulia nitasema.

Alisema hivyo mwezi wa tatu. Alisema hivyo karatasi zilipotoka.

Simu ikatikisika tena. Sikuisoma kwa sauti. Niliwageuzia kioo wakasoma wenyewe: "Mama nimeshuka kona. Hajashtuka bado?"

Muhuri akarudisha kalamu mfukoni, akaukosa mfuko, ikaanguka. Mkasi akainuka nusu, akatazama kibanda chake kama vile kuna mteja, akakaa.

— Mikeka, alisema. Jamani, hata mkeka mmoja...

Niliingia ndani. Nikafunga mlango nikasimama nyuma yake. Dirisha la chumba cha mama lilikuwa wazi, na kutoka hapo husikika kila kinachosemwa kwenye benchi. Mama alikuwa akiwasikiliza hivyo siku nzima na kuwacheka. Nikasikia magurudumu ya begi yakija juu ya kokoto. Yakasimama.

— Shikamooni wazee wangu! Shangazi, shikamoo!

— Marahaba, alisema Shangazi. Marahaba mwanangu. Kaa. Kaa unywe maji.

— Maji nitakunywa ndani. Mama yupo?

Nilingoja. Nilisema moyoni, Shangazi, sasa. Kikombe kikaanguka kikavunjika, na nikasikia kahawa ikimwagika kwenye kokoto, na baada ya hapo sikusikia kitu. Wote watatu, watu ambao hawajawahi kushindwa na neno tangu nizaliwe.

Kaka akacheka.

— Aa! Kumbe ameshawaambia. Mama huyu! Nilimwambia iwe siri, ameisambaza mpaka kijiweni. Haya, na nyinyi kaeni hivyohivyo kimya, msije mkaniharibia kwa mdogo wangu.

Wakakaa hivyohivyo.

Hatua zake zilikuja zikinyata, hatua za mtu mzima anayecheza. Zikasimama upande wa pili wa mlango. Nilimsikia anavyohema. Kisha simu ikalia mkononi mwangu: "Mama niko mlangoni." Aliisikia, maana mlango wetu ni mwembamba.

— Nakusikia, mama, alinong'ona. Fungua taratibu.

Nikafungua. Alikuwa amekonda kuliko kwenye picha. Alikuwa ameshika kibweta cha miwani kifuani, na kidole cha mkono wa pili kiko mdomoni. Aliponiona alicheka kwa sauti, akanyoosha mikono, halafu akatazama juu ya bega langu, ndani, akimtafuta mwenye simu. Hakumwona. Macho yakarudi, yakateremka mpaka kwenye mkono wangu, ambapo kioo kilikuwa bado kinawaka.

— Kaka, nikamwambia, tangu mwezi wa tatu anayekujibu ni mimi.