Koti la Kanisani

Gari lilikuwa limeshaiacha Sanya Juu mzee mmoja alipomwonyesha mama wa pembeni yake koti lililofumuliwa kola na mikono. "Binti yangu Rachel huyo! Shuleni wanafundishwa kushona suti, naye kafumua aone ndani. Namtoa darasa hilo. Sasa nalipeleka kwa fundi, mtaa wa Majengo pale Moshi, maana Jumapili nahudumu kanisani."

"Baba, mimi nafundisha ushonaji," mama akasema. "Kola haisomwi kwa nje. Mwache alirudishie mwenyewe."

"Akikosea?"

"Utahudumu na sweta." Mimi, kiti cha nyuma yao, nilicheka peke yangu. "Lakini fundi akilimaliza, mtoto atakuwa amejifunza kuharibu tu."

Mzee alilikunja koti polepole.

Moshi tulishuka. Mama alikwenda mtaa wa Soweto, mimi nikatafuta chai palepale. Mzee alibaki stendi na koti mapajani, haendi Majengo wala hapandi, magari ya Sanya Juu yakijaa na kuondoka.