Mkono Mmoja Mzima

Kaeni, ndugu zangu, kaeni. Makofi yawekeni kwanza, maana hamjui bado nilitaka kufanya nini. Mkimaliza kusikia, mtaamua wenyewe kama mnapiga ama mnaacha.

Mnanijua. Mimi ni mtoto wa yule mama anayesuka nywele pale Greyville, na nusu yenu mmeshapita mikononi mwake. Nilimaliza matric, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, nikaomba chuo kusomea udaktari, nikakaa kungoja jibu. Nawaambia, kungoja huko ni kazi. Unajua nafasi ni chache, unajua mwenye karatasi ya ukimbizi anaangaliwa mwisho, na bado simu ikilia unaruka. Niliomba na unesi pia, kama mtu anayebeba mwavuli akiomba jua.

Sasa ninyi mkanionea huruma. Mkasema hapa kwetu tunashukuru kabla ya kupokea, ndiyo imani. Jumapili ile mkaninunulia koti jeupe la daktari, mkanivika hapa hapa mbele, mkanizungusha kanisa zima kwa ngoma na vigelegele. Nilicheza, sikatai. Lakini toka siku ile nikawa Dokta. Chuo hakijasema neno, ninyi mmeshasema. Mkaanza kugonga mlango wetu, huyu na kikohozi, huyu na mtoto wa kuharisha, kwa sababu kule kliniki wanaume walikuwa wanasimama getini na fimbo wakifukuza wageni kama sisi, watu wa nchi nyingine. Nikiwaambia sijui kitu, mnacheka, mnasema Dokta ana unyenyekevu.

Ndipo jirani yetu akaumwa tumbo. Alikuwa na mimba kubwa. Yeye mwenyewe yuko hapa, na ameniruhusu niseme. Watu wakaniambia, vaa koti lako umpeleke, wale wa getini watadhani unafanya kazi mule. Nami nikaona ni akili. Eish, ndugu zangu, akili gani ile!

Tulifika. Kweli walitupisha, mmoja hata akanisalimia kwa heshima. Tukabakiza hatua chache kuingia, mwenzao mmoja, kijana mrefu, akamuuliza mlinzi wa geti kama ananijua. Mlinzi akatazama chini, akasema hapana.

Fimbo ya kwanza ilikuja kichwani. Nikainua mkono wa kulia kujikinga, na mfupa ukavunjika, nikausikia kabla ya maumivu. Nikaanguka. Wakanipiga mateke ya mbavu, wakalivuta lile koti mpaka likachanika mgongoni, wakaniita mwizi wa kazi zao na dawa zao. Jirani yangu akapiga kelele kwamba huyu ni mtoto tu. Wakamsukuma. Alianguka kwa tumbo kwenye ukingo wa barabara.

Mtoto wa tumboni hakukaa. Mnajua wote. Tulimzika.

Aliyetuokota ni mama mmoja wa Kizulu anayekaanga magwinya, yale maandazi ya huku, karibu na lile geti. Alifunika karai lake la mafuta, akatuingiza kwenye taxi, akatupeleka hospitali nyingine mbali kidogo, akakaa nasi mpaka mkono wangu ukawekwa plasta. Alikuwa hatujui hata kwa jina.

Basi nikiwa bado na plasta, jibu la udaktari likaingia kwenye simu. Hapana. Mama alilia. Mimi sikulia, nawaambia ukweli. Mimi nilikuwa na hasira mpaka chakula kilikuwa kichungu mdomoni. Kile kitabu cha biolojia nilichokisoma ili niwe daktari, nilikifungua tena kutafuta shingo. Nikajifunza mshipa unapita wapi na unachomwa kutokea upande gani. Nikachukua mkasi wa Mama wa saluni, ule mrefu, nikautia kwenye mfuko wa nguo. Kila nikitoka nilikuwa nao, na yule kijana mrefu nilikuwa nimeshamuua kichwani mwangu mara nyingi. Jumapili nilikaa pale kwenye kiti cha tatu nikiimba pamoja nanyi, na mkasi nilikuwa nao.

Asubuhi moja yule jirani akaja mbio, amembeba binti yake mkubwa. Mtoto anawaka homa, macho yamegeuka, mwili unarukaruka. Safari hii hakuna aliyeniita Dokta. Tukakimbia mpaka kliniki.

Kijana mrefu alikuwepo, na fimbo yake. Jirani, ambaye hajapona hata yeye, akaketi chini pale pale mbele ya meza ya magwinya, akanyoosha mikono anipe mtoto. Na mimi, Mungu anisamehe, sikumpokea. Mkono wangu mzima ulikuwa mfukoni, umeshika mkasi. Nilikuwa naitazama ile shingo. Iko karibu, iko wazi.

Yule mama wa magwinya aliona. Hakupaza sauti. Aliniambia kwa Kizulu, "Mntanami, mwanangu, mkono mzima unao mmoja tu. Shika mtoto, ama shika hiyo kitu."

Nilimchukia kwa kusema vile. Halafu nikautoa mkasi, nikauweka juu ya meza yake katikati ya magwinya, nikampokea mtoto.

Nikatembea. Fimbo ikanipata begani, nikapepesuka lakini sikumwachia. Ikainuliwa tena, na nyuma yangu nikasikia yule mama akisema, "Anayetaka kuoga aje." Alikuwa amebeba karai zima la mafuta yanayochemka, kwa vitambaa viwili, anakuja nalo taratibu. Wanaume wakarudi nyuma, na yule mrefu ndiye wa kwanza. Mlinzi, yule yule, akafungua geti kwa mkono wake mwenyewe, na safari hii alinitazama usoni. Nesi akanipokonya mtoto na kukimbia naye ndani.

Mtoto ndiye yule pale, anamaliza biskuti za watu.

Najua wengine mnangoja niseme kuhusu chuo. Jibu la pili lilikuja: unesi, ndiyo. Nimekubali. Kuna waliokuja nyumbani kunipa pole kana kwamba tumefiwa. Asanteni, lakini pole hiyo irudisheni. Siku ile aliyempokea mtoto mlangoni alikuwa nesi. Udaktari nikija kuuomba tena, nitauomba, ila msinivike kitu kabla.

Nawashukuru mliotupikia. Namshukuru jirani yangu, aliyenipa binti yake mikononi baada ya kumpoteza mtoto mwingine akiwa pamoja nami. Na yule mama wa magwinya amekaa kiti cha nyuma, hasikii Kiswahili chetu, anacheka tu mkicheka. Mkasi alinirudishia umefungwa kwenye gazeti pamoja na magwinya mawili ya moto. Mama yangu bado anautumia, kwa hiyo baadhi yenu umeshawakata nywele.

Ndugu zangu, wanaume wale bado wako getini. Kesho asubuhi nitasimama chini ya robot, ile taa ya barabarani pale kona ya kliniki, bila koti. Mwenye mgonjwa aje, na asiye na mgonjwa aje pia, tuingie wengi. Plasta imetoka. Mikono yangu yote miwili ni mizima sasa, na haina kitu.